Mpingo wa Getini

Jumatatu, 3 Juni
Daktari anasema moyo umechoka. Basi niandike, nisife na siri. Mjukuu wangu amekuja na mkasi na bahasha. Anakata majani katika msitu wa mipingo nilioupanda nikiwa bwana misitu. Maabara itasoma vinasaba, ijue kila mti una mama gani. Mbona alitabasamu aliposema mama? Anajua!

Niliagizwa nikusanye mbegu vilima vyote, kutoka miti iliyo mbalimbali, ugonjwa mmoja usije ukaimaliza yote. Nilikusanya nyuma ya ofisi. Mti mmoja. Ulikuwa na kivuli kizuri. Msitu mzima ndugu wa tumbo moja! Ikijulikana, kamati ya msitu itaruhusu ukatwe kuwa mkaa, na kibao chenye jina langu kitang'olewa.

Jumatano, 5 Juni
Mpango: nibadilishe majani yake kwa majani ya vilima vingi. Nikatoka na mkongojo na bahasha zake. Magoti yakagoma getini. Bahati njema, pale pana mpingo. Nikajaza bahasha zote. Jani ni jani. Mke wangu alikuwa dirishani akichambua maharage. Maharage gani yanachambuliwa kwa kutazama nje?

Jumanne, 2 Julai
Majibu. Mjukuu analia. Majani yote ni ya mti mmoja! Si ndugu, ni mti uleule! Kamati inataka kuruhusu misumeno. Nikamwambia maabara ni za kutiliwa shaka. Akanijibu, babu, hata bahasha zinanuka dawa yako ya kuchua.

Mke wangu akacheka hadi akavua miwani. Eti mzee, hukuwahi kupanda kilima hata kimoja, nilikuona na gunia lako kivulini. Eti alilimwaga, akaenda na dada zake vilimani, akanijazia mbegu za huko. Eti msitu una mama wengi kuliko ukoo wangu.

Yaani msitu ulikuwa salama miaka yote. Bahasha zangu ndizo zilizouponza.

Alhamisi, 4 Julai
Mjukuu amekiri kwa kamati kwamba babu aliingilia. Kamati imempa nafasi ya mwisho. Amekata upya. Mke wangu amezifungia bahasha kabatini, ufunguo kaufunga pembeni mwa kanga. Kwa nini? Mwanamke aliyebadilisha mbegu za mumewe akanyamaza hadi uzeeni atashindwa kubadilisha majani? Msitu uko hatarini! Lazima niulinde.

Sasa amelala, kanga iko juu ya kiti. Mpingo wa getini umechipua vizuri ajabu.