Jino la Skrubu Kabla ya Maulidi

Jumatatu, 10 Agosti.
Chake Chake, kwa daktari wa meno. Daktari Suhaila, binti mdogo tu, ananiita Mzee Hamzah. Nina miaka hamsini na moja! Nikamwambia nataka jino la kupandikiza, lile la skrubu, liwe tayari kwa Maulidi ya tarehe 27. Kusoma Maulidi mtaani kwetu ni nafasi yangu, mwaka wa kumi na mbili huu. Lakini tangu jino la mbele liondoke, kila herufi sini inatoka na mluzi. Jirani yangu Hafidh keshaanza mazoezi ya kuisoma yeye, dirishani, kwa makusudi.

Daktari kapiga picha. Mfupa wa taya umeliwa, skrubu haina pa kushika. Kwanza aniongezee unga wa mfupa wa ng'ombe, tungoje miezi minne, ndipo jino. Miezi minne!

Alhamisi, 13 Agosti.
Nimetwanga mfupa mwenyewe, wa ng'ombe aliyechinjwa mbele ya macho yangu. Kilo nzima. Nilidhani ukitiwa mwingi utashika upesi. Daktari akautazama mfuko, akasema wake husafishwa kiwandani mpaka yabaki madini matupu, wangu nikapikie supu. Kama siutaki wa kiwandani, atachota mfupa wangu mwenyewe, nyuma ya taya. Nikakubali. Huo angalau najua umelelewa na nani.

Jumatatu, 17 Agosti.
Kumbe vidonda viwili! Kimoja alikochota, kimoja alikotia. Kafunika kwa utando, kashona. Masharti: nisipulize, nisiguseguse, nisisome kwa sauti. Mke wangu, Bi Jawaher, kayasikia yote. Nimekwisha.

Jumapili, 23 Agosti.
Hafidh kaja kunijulia hali na sahani ya visheti. Kavila mwenyewe mbele yangu. Kasema nipumzike, atanishikia nafasi mwaka huu tu. Nilitaka kulia. Badala yake nimechonga jino la nazi. Linakaa! Ukilibana sana.

Alhamisi, 27 Agosti.
Nimechoka hata kuandika. Nilisoma kurasa mbili, safi, bila mluzi. Watu waliposimama kumsalia Mtume nikapaza sauti, jino likaruka, likatua ndani ya chetezo cha ubani. Ukumbi mzima ukanuka nazi ya kuungua. Damu kanzuni, mshono umeachia. Hafidh akapokea kitabu, akamaliza. Alisoma vizuri. Hilo limeniuma kuliko taya.

Jumamosi, 29 Agosti.
Mfupa wote umetoka. Daktari kasema tuanze upya, achote kidevuni, tungoje miezi sita. Bi Jawaher kasema nikae kitako, ninyamaze. Nimewaitikia wote wawili kwa kichwa.

Ila kosa nimelijua: nazi ni laini mno. Mzee Silima wa hapa mtaani ana khitma Ijumaa na hajapata msomaji. Nimeshaazima msasa. Kifuu ni kigumu.