Mkono wa Meinrad Gwerder

Jumatatu, 29 Aprili 1974
Ujambazi! Sina neno jingine. Vreni Betschart, yule mjane wa ng'ambo ya kijito, amepeleka hoja kwenye mkutano wa kijiji. Anataka nafasi kwenye malisho ya mlimani zigawiwe upya kila mwaka kwa kuchomoa vijiti kofiani. Vijiti! Malisho ni ya kijiji, sawa. Lakini upande wa jua ni wa akina Gwerder tangu babu yangu alipojenga kibanda kule juu. Upande wa kivulini ni mawe matupu, na theluji haiyeyuki hadi Juni. Ng'ombe wangu Flora atakufa kwa huzuni.

Na nani ataamua Jumapili, baada ya misa? Wote! Tarishi wa posta, kinyozi, mpiga kinanda wa kanisani. Mtu asiyejua nyasi wala kitunguu ana mkono mmoja, na mimi nina mkono mmoja. Eti huo ndio utawala wa watu. Nimeshindwa hata kumaliza supu.

Jumanne, 30 Aprili
Nimemwendea Xaver Schelbert, mwenyekiti wa kijiji, kwenye tanuri lake la mikate. Nikamwambia mambo ya ng'ombe yaamuliwe na wenye ng'ombe, kura moja kwa kila pembe mbili. Akaendelea kukanda unga. Kisha akaniuliza kama nimewahi kuhesabu ng'ombe wa Mama Betschart.

Ana mara mbili ya wangu.

Basi, nikasema, tuhesabu umri wa vibanda. Xaver akajibu kwamba Jumapili nina haki ya kusimama na kusema hayo yote, hata kama ni upuuzi, na hakuna atakayenikatiza. Mama Betschart naye ana haki hiyohiyo. Haki ya kusema upuuzi! Ndiyo maana nchi haiendi. Na mkate wake umeungua chini.

Alhamisi, 2 Mei
Nimepata dawa. Kama watu ndio watawala, watawala wana matumbo. Leo nimewaalika mkahawani wote ambao bado hawajaamua. Soseji, viazi, brandi ya cheri. Alois, shemeji yangu, alikula kama aliyetoka jela. Tarishi akanikumbatia: "Meinrad, kaka, wewe ndiye kichwa cha kijiji hiki!" Mjinga yule, lakini hapo alisema kweli.

Ijumaa, 3 Mei
Nasikia Mama Betschart ataomba kura iwe ya siri. Anajua nini kuhusu soseji zangu? Nitapinga kwa nguvu zote. Mikono juu, mchana kweupe, kama walivyofanya babu zetu! Nataka kumwona kila aliyekula.

Mke wangu Rosli akauliza kama nitamtazama na yeye. Nikacheka sana. Wanawake wamepewa kura juzijuzi tu. Hajajua bado kuitumia peke yake.

Jumapili, 5 Mei
Usaliti!

Mwanzo nilishinda. Hotuba yangu dhidi ya kura ya siri iliwagusa, wakakubali mikono. Kisha Xaver akauliza nani anataka vijiti. Ikapanda mikono. Tarishi! Kinyozi! Alois, shemeji yangu mwenyewe, vidole bado vina mafuta ya soseji zangu! Na kwenye benchi la tatu, katikati ya wanawake, mkono wa Rosli. Umenyooka kabisa.

Sikujua nilivyosimama. Nikanyoosha mkono kumwelekea, nikapiga kelele: "Rosli! Shusha mkono huo!" Hakushusha. Mimi nami sikushusha. Mzee Dominik, anayehesabu mikono tangu kabla ya vita vya dunia, akapita taratibu na kidole chake.

Vijiti vimepita kwa mkono mmoja.

Nikamuuliza Dominik kama aliuhesabu wangu. Akajibu kwamba mkono ulio juu ni mkono. Hasira ya mwenyewe haimhusu. Nikadai turudie. Xaver akauliza mkutano. Wakapiga kura kuhusu kupiga kura! Wengi wakakataa, wengine wakijifuta machozi ya kucheka. Nikasema Dominik ni kipofu. Mzee akakaa chini, akasema kwa furaha kwamba basi Meinrad ahesabu, yeye amechoka. Ukumbi mzima mikono juu. Na kwa sheria yetu aliyechaguliwa hakatai. Miaka minne! Mimi, mhesabu mikono!

Nyumbani nikamuuliza Rosli kwa nini. Akasema kibanda cha babu kinavuja, na kila kiangazi anayelala humo na kutengeneza jibini ni yeye, si mimi. Ameniambia kila mwaka. Upande wa kivulini kuna kibanda kipya cha kijiji, na kina jiko. Sikuwahi kusikia habari hiyo. Nina uhakika hakuwahi kuniambia.

Jumatatu, 6 Mei
Vijiti vimechomolewa. Nimepata kivulini. Mama Betschart naye kapata kivulini, jirani yangu kiangazi kizima! Hakulalamika hata kidogo. "Usijali, jirani," akaniambia, "kahawa nitaleta mimi." Upande wa jua kapata mpiga kinanda, mwenye mbuzi wawili. Mbuzi! Rosli anafungasha sufuria zake huku akiimba. Kuimba huko kumenichoma kuliko kura yenyewe.

Jumanne, 7 Mei
Nimetulia. Nimefikiri. Kosa si langu. Kosa ni la mikono. Watu hawajui, wanasahau wema, wananunulika na hata wakinunuliwa hawatimizi. Kijiji kinahitaji mtu mmoja mwenye akili, aamue yote, daima. Sitamtaja jina.

Hoja yangu nimeshaiandika: kura zifutwe kabisa. Itapigiwa kura vuli hii, mikono juu, na mhesabu ni mimi. Nimeagiza soseji. Safari hii kubwa zaidi.