Mkia Uliokataa Kushuka

Talib Shaame aliiona boti ile Alhamisi asubuhi, akivuka daraja la mto Lea na sanduku lake la saa kwapani, na papo hapo akaamini kuwa Mungu hajamtupa. Ilikuwa boti nyeupe, ndogo, ya viti vyekundu, imefungwa nyuma ya kiduka cha ndoo na nyuzi, na kibao kikisema inauzwa. Injini yake ilikuwa imeinuka, mkia juu, rafadha ya kusukumia maji ikitazama mawingu ya Landani.

Boti aliihitaji kufa na kupona. Alikuwa akimposa Ummukulthum, nesi mwenye macho ya upole, na mama mtu, Bi Zainab, mshonaji wa Wete aliyehamia Edgware Road, hakuwa mtu wa kutulizwa kwa ahadi. Basi Talib alimwambia ana boti ya injini.

"Vyema," alisema Bi Zainab. "Jumapili utanitembeza. Nikikuta hakuna boti, na posa pia hakuna."

Talib alikuwa akiuza saa za dhahabu katika soko la Walthamstow, dhahabu ambayo ikilowa mvua inageuka rangi. Lakini zamani alifanya kazi miaka miwili katika gereji ya boti, kabla hajagundua kuwa ulimi hauchoki upesi kama mikono. Alijua kuwa injini za kisasa kama ile zina pampu ya umeme: ukibonyeza kitufe hiki mkia unapanda, ukibonyeza kile unazama majini. Mkia uliokwama juu ulimaanisha mwenye mali amekata tamaa.

Ijumaa alifika kabla kufuli halijafunguliwa. Alizijua desturi za maduka ya kwetu: mteja wa kwanza haachwi aondoke mikono mitupu, biashara ya siku nzima itaharibika. Na mwenye duka, mzee Chaman, alikuwa wa Kisumu, amefika Landani mwaka juzi pamoja na desturi zake zote.

"Karibu, bwana. Wewe ndiyo wa kwanza leo."

"Ndiyo bahati yako, mzee. Boti ina nini?"

"Mkia inapanda vizuri, kushuka imekataa. Sisi watu wa duka, umeme ya boti tutajua wapi?"

Nyuma yake alikaa rafiki yake Jaswant, fundi mstaafu wa reli ya Nairobi, akijifuta grisi mikononi. "Mimi ni treni tu," alisema Jaswant kwa huzuni. "Treni haina mkia."

Wazee wakaenda kupika chai. Talib akaruka ndani ya boti, akafungua kisanduku cha pampu kilichokuwa chini ya kiti cha nyuma. Betri nzima. Fyuzi nzima. Akabonyeza cha kupandisha: pampu ikanguruma. Akabonyeza cha kushusha: kimya, hata "tik" hakuna. Akaufuata waya wa kushushia kwa kidole, na mwisho wake akaukuta umechomoka. Waya mmoja tu! Akaugusisha mahali pake, mkia ukashuka kidogo kwa adabu. Akauchomoa haraka, akaupandisha mkia ulipokuwa.

Nyaya zote mle zilikuwa na kutu, ila ncha ya ule mmoja shaba yake iling'aa kama ya dukani. Talib aliiona. Furaha ikamziba macho.

Hapa ndipo mwaminifu angesema, "Mzee, kaza waya huu." Talib alipokea kikombe chake cha chai na kutikisa kichwa kama mtu aliyefika matangani.

"Pampu inakufa," alisema. "Mpya ni ghali kuliko boti yenyewe. Lakini nyinyi ni watu wa nyumbani, nitawaondolea mzigo huu."

"Lakini hujasikia injini," alisema Jaswant. "Mkia ikiwa juu haiwezi kuwashwa, itaungua bila maji. Tutafute fundi aishushe, usikie mwenyewe?"

Fundi angeuona ule waya mara moja!

"Hapana, hapana! Fundi wa nini? Nawaamini kama wazee wangu."

"Mtu mzuri," alisema Chaman.

Talib akafungua sanduku la saa, wachague malipo. Chaman alizikwaruza kwa ukucha moja baada ya nyingine, akazirudisha sandukuni. Kisha akaonyesha ile iliyokuwa mkononi mwa Talib mwenyewe, saa aliyoachiwa na marehemu baba yake. Hiyo hakuikwaruza.

Ilimuuma Talib, tena sana. Lakini alimfikiria Ummukulthum, akaivua.

"Na mteja wa kwanza lazima apate nyongeza," alisema Chaman, akampa makasia mawili.

Jumapili Bi Zainab aliketi kwenye kiti chekundu na mkoba wake mapajani. Talib, waya ameshaukaza, akabonyeza kitufe. Mkia ukashuka taratibu hadi majini.

"Mashaallah," alisema Bi Zainab.

Talib akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena, akaomba dua, mwishowe akafunua kifuniko cha injini. Ndani mlikuwa na matofali manne, yamefungwa vizuri kwa gazeti la Kigujarati.

Sasa akaikumbuka ile shaba iliyong'aa, na ile grisi mikononi mwa Jaswant: waya ulichomolewa makusudi, injini isijaribiwe. Duka lilikuwa limefungwa, na hata lingekuwa wazi, angelalamika nini? Kwamba ameibiwa wakati yeye mwenyewe akiiba?

"Tunakwenda au tunapunga upepo?" aliuliza Bi Zainab.

Talib akachukua makasia. Alivuta hadi darajani, shati limemganda mgongoni, viganja vinawaka moto. Juu ya daraja walisimama wazee wawili. Chaman akatazama mkono wake.

"Saa nne na robo, bwana!" alipaza sauti. "Haipotezi hata dakika!"

Bi Zainab aliwatazama wale wazee, akayatazama matofali, akamtazama mkwe mtarajiwa anayehema.

"Mwaka mzima nakusikia ukisema," alisema. "Leo ndiyo mara ya kwanza nakuona ukifanya kazi. Jumapili ijayo njoo umchukue Ummukulthum, umtembeze."

Talib akayavuta makasia kwa nguvu mpya.

"Na hiyo injini," aliongeza Bi Zainab, "ole wako uitengeneze."