Simu Isiyojua Shikamoo

Benchi letu liko nyuma ya soko la Mbinga mjini, ubavuni mwa banda la chai la Mektilda. Msishangae tunakunywa chai wilaya nzima ikilima kahawa. Kahawa yetu tunaiona ikipita kwenye magunia tu. Mimi wananiita Spana, kwa sababu natengeneza baiskeli na pikipiki hapohapo jirani, na nikisikia hoja ya kipuuzi mkono unaanza kuniwasha.

Asubuhi hiyo aliyeniwasha ni Meinrad. Tunamwita Profesa, ingawa yeye na shule waliachana mapema bila ugomvi. Alifika na redio yake kwapani, hajamsalimia mtu, akagonga benchi kwa kiganja.

"Mmesikia? Redio imetangaza! Zile simu za kupigia kwenye intaneti, sasa zinaletewa mtandao wenye akili!"

"Kwani uliokuwepo ulikuwa mwehu?" Mektilda akauliza huku akimimina chai.

"Mama, sikiliza uelimike. Zamani akili hiyo walikuwa nayo wale wakubwa wenye simu za waya na minara. Unapiga namba moja, mtandao wenyewe unawaza: huyu ni nani, anatoka wapi, mwenye simu saa hizi yuko wapi, nimpeleke ofisini au shambani, nimwekee muziki asubiri au nimtimue. Sasa akili hiyohiyo wanaihamishia kwenye intaneti. Hata wewe muuza chai unaweza kuwa nayo."

"Inaosha vikombe?"

"Haioshi."

"Basi bado haina akili."

Jaji akakohoa. Jaji ni mzee Ildefonsi, zamani karani wa mahakama ya mwanzo. Serikali ilimstaafisha yeye, hukumu zake hazikustaafu.

"Naomba kuuliza. Mtandao huo ukimkosea mtu heshima, anashtakiwa nani?"

"Muulize huyo hapo," nikasema, nikamwonyesha Stanslaus pembeni. "Yeye anao tayari. Na kwa sura ile, umeshamponza."

Stanslaus ndiye Stansi Intaneti, mwenye duka la pembejeo kule barabara ya juu. Kijana mchapakazi, hanywi, hadaiwi, ila umri wa kuoa unampungia mkono wa kwaheri. Kishikwambi chake alikuwa amekikumbatia utadhani kitamkimbia. Chai yake ilikuwa imeota utando.

"Jamani," akasema, "nimekwisha."

"Umekwisha nini? Mbolea?"

"Beata."

 Beata ni mwalimu, anafundisha Ruanda, hii yetu ya hapa Mbinga, kwao ni Lituhi, huko chini ziwani. Stansi amemhangaikia binti huyo mpaka sisi wa benchini tulikuwa tumeshaanza kumwita shemeji bila ruhusa.

"Si ulishapeleka posa?" nikauliza.

"Nilipeleka. Beata akampa baba yake namba ya duka. Mzee Tobias akasema, kabla sijajibu posa ngoja nimsikie huyo kijana anaongeaje. Akapiga."

"Ukapokea?"

"Mtandao ukapokea."

Profesa akatabasamu kama aliyeuleta yeye. Niliona nimchape kwa redio yake.

Sasa mpate picha. Duka la Stansi lina mtu mmoja, naye ni Stansi. Lakini tangu aweke hiyo simu ya intaneti, ukipiga unakutana na sauti nzito: "Karibu Stansi Pembejeo. Kwa mbolea, bonyeza moja. Kwa dawa za kahawa, bonyeza mbili. Kwa mbegu, bonyeza tatu. Kuzungumza na meneja, bonyeza sifuri." Ubonyeze moja, ubonyeze sifuri, inayolia ni simu ileile iliyo mfukoni mwa shati lake. Watu wa vijiji vya Ukata na Kitura walishaanza kusema kijana kaajiri.

"Sauti hiyo ni ya nani?" Jaji akauliza, anavua miwani. Akivua miwani ujue mtu anafungwa.

"Yangu."

"Kwa hiyo baba wa binti unayemposa amekusikia kwa masikio yake mwenyewe."

"Ndiyo."

"Ulimwambia shikamoo?"

Stansi akainama. "Nilimwambia abonyeze moja."

"Yesu na Maria!" Mektilda akatua birika chini.

"Na yeye akafanyaje?"

"Alikaa kimya, anasubiri nimsalimie. Mtandao ukaona kimya, ukamwambia, 'Hujachagua chochote. Tafadhali chagua tena.'"

"Weee!"

"Akabonyeza kitu, sijui kitu gani. Akawekewa kwaya asubiri. Mimi nilikuwa Kitura kwenye kahawa ya mteja, mtandao hamna. Kwaya ikaimba mpaka ikaisha. Mwisho sauti yangu ikamwambia, 'Wahudumu wetu wote wana shughuli.'"

"Wahudumu wote!" nikapiga yowe. "Wahudumu gani? Wewe na nzi?"

Akatusomea ujumbe wa Beata. Baba amesema tangu azaliwe hajaamrishwa na mkwe. Amesema kijana aliyeshindwa kunisalimia mimi, mama yako atamsalimiaje? Kama mpaka Jumapili hajajirekebisha, posa yake irudi kwao.

"Nampenda Beata, jamani," Stansi akasema. "Yule mzee hata sura yake siijui. Niliogopa kuongea naye. Nikasema angalau mashine haitetemeki."

Nilijisikia vibaya kwa ile habari ya nzi. Kidogo.

"Mshenga wako nani?" Jaji akauliza.

"Sikuweka. Barua ya posa niliipiga picha nikaituma."

Nakwambia Jaji alisimama. Jaji husimama kwa Injili na wimbo wa taifa tu.

"Umeposa kwa picha! Na mimi nipo! Mimi niliyeposea nusu ya vijana wa Ruanda, na hakuna aliyebonyeza kitu! Huo mtandao wenye akili mnaousikia redioni leo sisi tulikuwa nao, unaitwa mshenga! Baba mkwe akifoka, mshenga anapokea yeye, anameza matusi, anakuletea salamu. Wewe ukijibu upumbavu, anautupa njiani, anafikisha busara. Simu inahamishwa, inachujwa, inalainishwa, na bando haliishi!"

"Jaji, punguza jazba," Profesa akasema. "Tatizo si mtandao. Mtandao unasema ulichowekewa. Dawa imo humohumo: huduma ya kumtambua mpigaji. Namba ya mzee ikiingia, inapewa sauti yake peke yake: shikamoo baba, na heshima zote. Namba za wengine wapewe ya kwao."

Stansi akainua kichwa. "Inawezekana. Kuna sehemu ya kupanga."

"Basi mimi nipangie shikamoo," nikasema.

"Spana, mimi na wewe tumepishana mwaka mmoja shuleni!"

"Mvi zangu zinakuona."

"Mimi usiniwekee," Mektilda akasema. "Utaniharibia soko."

"Hapana, ianze na Tumsifu Yesu Kristo," Jaji akaamua.

"Akipiga Mwislamu?" Profesa akauliza.

"Si umesema mtandao unamtambua mpigaji?"

"Unatambua namba, Jaji, hautambui ubatizo!"

Tulikuwa katikati ya vita hivyo alipofika mzee mmoja, kavaa koti la kijivu, mkononi kikapu kimefunikwa kanga. Harufu ya usipa, dagaa wa ziwani, ilitufikia kabla yake. Tukajua ni mchuuzi, kashuka kwenye basi la asubuhi. Tukamwamkia wote, tukabanana apate pa kukaa. Wote isipokuwa Stansi. Yeye alikuwa kazamia kwenye kishikwambi, hakuinua hata jicho.

Mzee akaomba chai, akatulia.

"Tayari," Stansi akasema. "Narekodi. Kimya!" Akasafisha koo, akasogeza kishikwambi mdomoni. "Shikamoo baba."

"Marahaba," akaitikia mzee wa usipa.

Stansi akafuta. "Mzee samahani, tunarekodi." Akaanza upya. "Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Mzee wangu," Profesa akaingilia kwa upole wa bandia, "huyu hakusalimii wewe. Anasalimia simu."

"Simu ina umri gani?" mzee akauliza.

Tukacheka mpaka Mektilda akamwaga maziwa. Profesa hakucheka, alitaka kumweleza.

"Usiitikie tu, mzee, tumalize," Stansi akaomba.

"Mwanangu, mimi nimelelewa nikisalimiwa naitikia. Nikinyamaza nitakuwa kama hiyo simu yenu."

Stansi akaendelea, na sisi kila mtu akawa kocha. Jaji akasema ashushe sauti, anaposa, hatangazi mpira. Mimi nikasema aweke uchungu kidogo. Mektilda akasema uchungu umezidi, sasa anaonekana ana deni. Na kila akisema shikamoo baba, upande wa pili wa benchi ikajibiwa marahaba, bila haraka, bila hasira. Mektilda akampa mzee andazi kubwa kuliko yote, bure, ili mdomo ujae. Akaitikia na andazi mdomoni.

"Acha hiyohiyo!" nikafoka. "Iende na marahaba yake. Mtu utazeeka hapa unasalimia kishikwambi!"

Stansi akaihifadhi, akaiunganisha na namba ya baba mkwe, akashusha pumzi. Kwa mara ya kwanza siku hiyo akanywa chai yake, na utando wake.

Mzee wa usipa akafuta vidole kwenye koti. Akatoa simu ya kitochi, akaishika mbali na macho, akabonyeza namba mojamoja huku midomo ikimtembea. Akaiweka sikioni.

Kishikwambi kikawaka juu ya benchi. Sote tuliliona jina: BABA MKWE LITUHI.

"Anapiga!" Stansi akaruka. "Nyamazeni! Nyamazeni mtandao uongee!"

Tukanyamaza. Vile vitochi mnavijua vinavyopaza sauti. Kutoka kwenye sikio la mzee wa usipa tukamsikia Stansi akisema, kwa adabu tele: "Shikamoo baba."

Mzee alifungua mdomo, lakini simu ikamuwahi. "Marahaba," ikasema yenyewe, kwa sauti yake yeye mwenyewe na andazi lake.

Akaitoa sikioni, akaitazama. "Hee! Hata kuitikia mmeniitikia?"

 Stansi alikuwa amebaki mdomo wazi, kikombe kinamwagika kwenye suruali na hana habari.

"Mtandao umemtambua," Profesa akanong'ona.

"Mtandao ndiyo," Jaji akasema. "Mkwe ndiye hajamtambua."

Stansi aliacha kikombe, akaacha kishikwambi, jambo ambalo sijawahi kuliona. Akaja mbele ya mzee, akapiga goti kwenye matope ya maji ya vikombe, mikono miwili mbele. Alikuwa anatetemeka waziwazi.

"Shikamoo baba."

Tukasubiri marahaba. Haikuja. Mzee Tobias, maana sasa tulijua ndiye baba yake Beata, akainua kidole kimoja.

"Subiri kidogo," akasema. "Wahudumu wote wana shughuli."

Kisha akaanza kuimba. Polepole, kwa besi ya kanisani, ile kwaya ya kwenye simu ya Stansi, ubeti wa kwanza, kiitikio, ubeti wa pili. Katikati ya beti anapiga funda la chai. Mektilda alikuwa ameuma kanga ili asicheke. Jaji, Mungu amsamehe, kwenye kiitikio alijiunga na sauti ya tatu. Na Stansi yuko palepale, goti linalowa, hajasogea. Wimbo ukaisha wote.

"Marahaba, mwanangu," mzee akasema. "Sasa umesubiri kama nilivyosubiri. Nina swali moja tu. Beata akiugua, akakuita, atabonyeza ngapi?"

"Hatabonyeza, baba." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nitaitika mwenyewe. Wallahi... aa, kweli ya Mungu, nitaitika mwenyewe."

Mzee akatua kikombe. Akachukua kikapu, akakiweka mikononi mwa Stansi.

"Chukua. Huu usipa mama yake ndiye aliyenipa. Aliniambia, ukikuta mtu mpe, ukikuta mashine urudi nao."

Mektilda akapiga kigelegele hadi wauza nyanya wakaja kuangalia. Profesa akadai huu ni ushindi wa teknolojia. Nikamwambia akalime ngoro zake, yale mashimo ya shambani kwake.

Mzee Tobias akaomba chai nyingine, akajinyoosha vizuri kwenye benchi, akatuangalia mmoja mmoja.

"Haya. Posa haina mshenga, na mimi siwezi kurudi Lituhi nikasema nimeongea na kijana mwenyewe kana kwamba kwao hawana watu. Mshenga wake ni yupi hapa?"

Benchi zima likanyoosha mkono. Profesa alinyoosha mkono na redio.