Makaa Hai na Mchicha wa Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Udongo wa bustani umechoka. Mimi pia. Lakini udongo haulaumiwi na mtu.

Mke wangu ametoa uamuzi asubuhi, huku akifunga kilemba. Mchicha usipotoka vizuri safari hii, bustani anamkabidhi mdogo wake, na mimi nikabebe magunia kwenye mashine ya kusaga. Huu ni mwaka wa tatu tangu karakana ya vigae niliyofanyia kazi ifungwe, na mchicha ndio unaotulisha. Huyo mdogo wake, shemeji yangu, anafanya kazi hapo hapo mashineni. Mtu mpole. Sijawahi kumwamini mtu mpole.

Jioni, mkutano wa mtaa. Bwana shamba kaja kuzungumzia makaa hai. Kasema yakiingia udongoni yanashika maji na kurudisha rutuba, na tena yatatuondolea moshi wa pumba zinazochomwa nyuma ya mashine, maana mtaa mzima unakohoa. Makaa hai! Niliposikia hilo tu nikaondoka kimyakimya, niwawahi wenzangu. Mwenye macho haambiwi tazama. Shemeji alibaki mpaka mwisho, anaandika kwenye daftari. Nilimhurumia.

Jumanne, 4 Machi

Makaa hai ni makaa yenye uhai, yaani yanayowaka. Nani hajui? Nimewasha majiko mawili tangu alfajiri. Kufika saa nne nimeshazika karai zima la makaa mekundu kwenye tuta la kwanza, katikati ya miche.

Mchicha wa tuta la kwanza umeiva. Umeivia shambani, bila sufuria. Mpira wa kumwagilia nao umeyeyuka.

Mke wangu ameuliza swali moja tu: kama nilikaa mkutanoni mpaka mwisho. Nimemjibu kwamba nilikaa sehemu muhimu.

Alhamisi, 6 Machi

Kumbe! Shemeji kanieleza, taratibu, kama anayemnywesha mgonjwa uji. Pumba huchomwa ndani ya pipa lenye mfuniko, kwa hewa kidogo, halafu huzimwa kwa maji kabla hazijawa majivu. Makaa yanayobaki huitwa hai kwa sababu vijidudu vya udongo huingia kwenye vitundu vyake na kufanya makazi. Sasa si wangesema tangu mwanzo?

Yeye ana pipa moja. Pipa moja! Nimeamua kumpiga bao. Nimechoma lundo zima la pumba pale nyuma ya mashine, hadharani, pipa la nini. Nia yangu ilikuwa kupunguza moshi wa mtaa. Kuanzia saa tatu mpaka saa saba watu hawakuonana. Fundi cherehani, jirani yetu, alikuwa ameanika sare nyeupe ishirini za wauguzi. Amenitamkia maneno ambayo siyaandiki. Nilimfariji kwamba kijivu hakionyeshi uchafu. Hakushukuru.

Makaa niliyopata: hakuna. Majivu: mengi.

Jumatatu, 10 Machi

Shemeji ana magunia mawili ya makaa hai, kayaegemeza ukutani kwetu. Kasema yasiguswe. Eti lazima yalale na mboji wiki mbili, yashibe kwanza, ndipo yaingie udongoni. Makaa yashibe! Mwezi unayoyoma, mwenye genge la mboga anasubiri mchicha, na sisi tukae tunangoja makaa yamalize kula.

Alipokwenda kazini nimechukua gunia moja nikalimwaga kwenye matuta yote yaliyobaki. Kuazima si kuiba, hasa kwa shemeji. Baada ya hapo nimelala usingizi mzuri wa mchana, wa kwanza tangu mkutano ule.

Jumatano, 19 Machi

Manjano. Tuta la pili manjano, la tatu manjano, la nne sitaki hata kulitazama.

Bwana shamba kapita, kachuchumaa, kachimbua kidogo. Kasema makaa yaliingia na njaa, yakanyonya chakula chote cha mchicha. Akauliza yalilishwa nini kabla. Nikaanza kuangalia mawingu.

Nilijiandaa kwa kelele za mke wangu. Kelele nazijua, nina majibu yake. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akasema hana hasira, amechoka tu. Kila asubuhi anaamka akijiuliza leo nimepata wazo gani. Iliniuma, na bado inauma.

Bustani kampa mdogo wake.

Jumatatu, 24 Machi

Mashineni. Magunia arobaini. Mgongo umekataa kuzungumza nami.

Pumba hazichomwi tena ovyo. Zote zinaingia kwenye mapipa ya shemeji, manne sasa. Mtaa haukohoi. Fundi cherehani kaanika nguo nyeupe na kumsifu shemeji mbele yangu, mara mbili, ya pili kwa sauti zaidi. Magunia matatu ya mwisho shemeji kanibebea. Huo ndio upole ninaousema!

Jumamosi, 19 Aprili

Mchicha wa shemeji unaonekana kutoka barabarani. Mwenye genge anaufuata mwenyewe.

Wiki mbili zilizopita nilimwomba mke wangu msamaha, kweli kweli, bila maelezo. Akanipa tuta moja, hatua mbili kwa moja, kando ya choo. Sharti lake: niwasikilize watu mpaka mwisho. Nimeapa.

Leo bwana shamba kalikagua. Kasema miche yangu ina afya, sasa niinyweshe chai ya samadi mara moja kwa wiki. Nimesikiliza mpaka mwisho wa sentensi. Shemeji akaanza habari za pipa la maji, kuloweka kinyesi cha ng'ombe na kungoja siku kadhaa. Nikamwambia asichanganye mambo, hapa tunazungumzia chai.

Sufuria inachemka jikoni. Majani nimeweka ya kutosha, sukari vijiko sita. Samadi nimeitia kidogo mwishoni, kama tangawizi. Naenda kuimwaga sasa hivi ingali moto. Nani anakunywa chai iliyopoa?