Mnara Wangu Kisimani

Jumatatu, 11 Juni 1973

Siku kubwa! Tawi letu la chama limetangaza mashindano. Kisima chetu hapa Temeke kinachafuliwa. Watu wanafulia ukingoni, wanatupa maganda, na bomba la mtaa limekauka tangu Kwaresima. Kwa hiyo Mwenyekiti wetu, Mzee Gaspar, anataka wasanii tufundishe umma kulinda maji. Kazi bora itasimama kisimani, kisha siku ya Saba Saba itapandishwa kwenye lori la tawi na kuzungushwa mji mzima, na msanii mwenyewe pembeni yake akipunga mkono.

Wasanii wa tawi ni wawili. Mie, Nikodemu, mchonga vinyago, mwana wa Newala. Na Kamugisha, mtu wa Bukoba, mwandika mabango ya maduka. Anapaka maneno kwenye bati! Nayo ni sanaa?

Nilisimama mkutanoni nikaahidi mnara wa watu waliobebana, kimo cha mwanamke mzima, wa gogo moja la mpingo. Makofi! Mzee Gaspar akauliza kama mpingo mnene kiasi hicho upo. Nikamjibu uko nyumbani, unanisubiri mimi tu.

Nyumbani hakuna gogo lolote.

Alhamisi, 14 Juni

Nimewazunguka wachongaji wenzangu wote. Mpingo mnene kuliko paja langu hakuna. Mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Wivu.

Lakini kichwa hiki sikupewa cha kuvalia kofia. Buguruni upepo umeangusha mfenesi. Mnene, laini, unachongeka kama muhogo. Tatizo ni moja tu: ndani ni wa njano. Nimeuleta kwa mkokoteni, nimeufunika magunia, na nimemwagiza mke wangu Bernadeta asiruhusu mtu kuchungulia. Akauliza tangu lini mpingo ukanukia fenesi. Nikaongeza gunia.

Jumapili, 17 Juni

Sikwenda misa. Mungu ataelewa, kwani nachonga kwa ajili ya maji aliyoyaumba mwenyewe.

Mnara unapanda! Juu kabisa mtoto na mtungi. Chini yake mama, chini ya mama baba, na kila mmoja anampokeza mwenzake maji. Niliitazama ile mikono nikalengwa na machozi. Jamani, najua kuchonga! Chini kabisa nimemweka adui wa maji, mtu anayenawa miguu kisimani. Pua nimempa ya Kamugisha.

Jumatano, 20 Juni

Leo rangi. Ya viatu iliniishia kwenye magoti ya mama. Nikakumbuka ile rangi nyeusi ambayo Bernadeta hutia kwenye ukili wa mikeka yake. Nikaikoroga kwenye debe, nikapaka mnara mzima. Mweusi tititi! Bernadeta akasema ukili huchemshwa pamoja na rangi, la sivyo haishiki. Nikamuuliza nitapata wapi sufuria la kuchemshia mnara wenye kimo chake yeye. Akarudi kwenye mkeka wake. Nimemshinda.

Jioni akaja Kamugisha. Nilimkataza kugusa. Akauzunguka mnara taratibu, akasema tangu aje Dar hajaona kazi nzuri kama hii. Pua aliitambua! Akacheka, akasema imemtoa vizuri. Kisha akaomba alete vanishi yake aupake, maana utakaa kwenye maji.

Mjanja huyo! Anataka jina lake liingie kwenye kazi yangu. Nilimkatalia kwa heshima zote, nikamsindikiza mpaka barabarani nihakikishe ameondoka.

Jumamosi, 23 Juni

Walikuwepo wote. Kina mama wakiimba, Mzee Gaspar na kofia yake ya sherehe, na Bi Mwajabu, msimamizi wa kisima, ambaye hata Mwenyekiti humwamkia shikamoo. Mnara ulisimama ukingoni umefunikwa khanga. Khanga ikavutwa. Vigelegele! Mzee Gaspar hakutaka hata kwenda faragha na kamati yake. Akatangaza palepale: lori ni la Ndugu Nikodemu. Bango la Kamugisha, TUNZA MAJI TUNZA UHAI, litakaa ofisini.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mkubwa jioni hii. Lakini mtu mmoja nyuma aliuliza kama kweli ule ni mpingo. Mie huyo! Nikasema mpingo halisi ukipata maji hung'aa. Nikachota ndoo nikammwagia mtoto wa juu.

Mtoto akawa wa njano. Mama akafuata, kisha baba. Adui wa maji peke yake alibaki mweusi, kwa sababu rangi ya wote ilimshukia yeye, na kutoka kwake ikamwagikia kisimani.

Bi Mwajabu akavuta maji juu, akatazama ndani ya ndoo. Wino. Hakupiga kelele. Akasema tu, "Nikodemu mwanangu, hawa watoto leo wanywe nini?"

Niliona aibu. Aibu ya kweli, mpaka masikio yakawaka. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Jumapili, 24 Juni

Tawi limeamua: nikaushe kisima mwenyewe, ndoo kwa ndoo, mpaka maji mapya yaingie. Kina mama wanafuata maji Buguruni. Kila mmoja, madebe kichwani, lazima apitie kisimani anipe pole. Njia yao haipiti hapa kabisa.

Asubuhi nikiwa chini kisimani kamba ikatikisika, nikatazama juu: Kamugisha anashuka. Hakuitwa na mtu. Tukachota matope, viatu vya watu, sahani, hata taa ya baiskeli. Nilimwonya kwamba anajaza ndoo kupita kiasi. Nikamweleza pia jambo ambalo hakuna anayetaka kulisema: tangu kichimbwe, kisima hiki hakikuwahi kusafishwa. Bila sanamu yangu nani angekisafisha? Akafikiri, akasema kweli. Si mtu mbaya. Amekosa kipaji tu.

Jumatano, 27 Juni

Maji yamerudi, meupe! Bi Mwajabu ameyaonja kwanza, kisha akanipa kikombe kilekile. Lakini lori amepewa Kamugisha. Nilimpa mkono, nikampongeza, nikaenda nyuma ya ofisi kulia kidogo.

Kisha nikapita kisimani. Bango jipya! Rangi mbichi, mwandiko wa Kamugisha, herufi nyekundu: NI MARUFUKU KULETA SANAMU KISIMANI. KWA AMRI YA TAWI.

Nilisoma nikasimama wima. Watu wamefulia pale miaka yote, hawakuandikiwa hata neno. Wametupa viatu, kimya. Mie nimepeleka kazi moja tu, tawi zima limekaa kikao! Mchongaji gani mwingine Tanzania hii ametungiwa amri yake mwenyewe? Nilimleta Bernadeta aone. Akalisoma, akanitazama, akarudi nyumbani peke yake. Furaha imemzidi.

Mnara nimeupaka upya, mara mbili safari hii. Kesho tunavuka na pantoni. Kigamboni kuna visima tele, na nimeulizia vizuri: hakuna hata kimoja chenye bango.