Nyekundu Kushoto, Kijani Kulia

Jumatatu, tarehe 9
Mungu mwema! Injini imefika. Miaka yote nimevusha watu kwa makasia, sasa basi. Alhamisi anakuja mkaguzi. Kibali cha kuvusha abiria jioni ni kimoja tu, na shemeji, kaka wa mke wangu, anakitaka vilevile. Yeye kaita fundi wa taa. Fundi wa nini? Sheria ni fupi: nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe nyuma. Nikakaa kwenye ubao wangu wa makasia, kama siku zote, nikafunga: nyekundu mkono wa kushoto, kijani wa kulia, nyeupe nyuma ya mgongo. Kwisha kazi!

Jumanne, tarehe 10
Taa zinasinzia. Niliziunga zote kwenye waya mmoja, moja baada ya nyingine, kubana matumizi. Mama watoto, mtengeneza redio, akasema umeme wa taa moja nimezigawia taa tatu. Kila taa ipewe njia yake kwenye betri. Akazifunga upya huku akinisonya. Sasa zinang'aa! Nashukuru nilioa vizuri. Nimemwambia ndivyo nilivyokuwa nimepanga.

Jumatano, tarehe 11
Jaribio la jioni. Shemeji akaja na boti yake usoni kwangu, hapishi! Na mimi sipishi. Puu! Nikajikuta majini. Alinivuta kwa ukosi wa shati, Mungu ambariki, akiuliza kama nina akili timamu. Eti aliona taa nyeupe tu, akajua ni boti inayokwenda zake, akaifuata polepole. Mama watoto alicheka mpaka akakaa chini. Anasema mpiga makasia huipa safari mgongo. Kushoto kwangu ni kulia kwa boti. Kumbe taa zangu ni sahihi kabisa, kwa boti inayorudi kinyumenyume.

Alhamisi, tarehe 12
Nimepata dawa! Taa ni tatu, injini ni moja. Nikaihamishia injini mbele, na mbele ikawa nyuma. Uhandisi huo! Shemeji aliniazima spana, roho safi ile, huku akinisihi niache. Mama watoto akasema boti huchongoka mbele ili ipasue maji, na nyuma ni bapa. Nikamwambia ana wasiwasi bure. Mkaguzi akapanda, akazisifu taa. Tulipoondoka, ule ubapa ukachota maji kama sepetu. Mkaguzi aliendelea kuandika, maji magotini. Kibali kapewa shemeji. Nimelia, sifichi.

Ijumaa, tarehe 13
Nani kama shemeji? Kanichukua tufanye kazi pamoja, mapato tugawane! Nimelia tena, kwa furaha. Wema hauozi, nami sina cha kumlipa. Kazi yangu: nikae karibu na omo, kule mbele ya boti, niangalie njia, nisiguse kitu. Nikakaa kwenye ubao nilivyozoea, mgongo kwenye safari. Lo! Nyekundu yake iko kulia kwangu! Maskini, yule fundi kamwibia. Sikutaka kumwaibisha mbele ya abiria. Tuliporudi akaenda kula, nikachukua spana yake ileile, nikabadilisha taa zote, na nyeupe nikaileta nyuma ya mgongo wangu. Kesho jioni boti yake imejaa. Hata asante sitaki.